Injini Iliyotulia Kupita Kiasi: Uchambuzi wa Vali za Corolla ya Mbio, Dodoma

Mwezi wa Agosti mwaka jana lililetwa kwenye gereji yetu ya Kizota gari aina ya Toyota Corolla la miaka ya mwisho ya 1980, lenye injini ya 4A-GE ya vali 16. Mwenyewe ni kijana anayelima na kuuza zabibu upande wa Hombolo, na gari hilo analitumia kwa kazi mbili: siku za kawaida linampeleka shambani na mjini, na Jumamosi mbili za kila mwezi analikimbiza pamoja na wenzake kwenye mzunguko wa udongo walioutengeneza wenyewe nje ya mji. Malalamiko yake hayakuwa makubwa. Gari lilikuwa linatetemeka likiwa limesimama huku injini ikiunguruma, lilikuwa zito linapotoka konani, kisha lilichangamka mshale ukishapita mizunguko 5,000 kwa dakika. Mafundi wawili waliotangulia walikuwa wamekwisha kumbadilishia plagi, waya za plagi na kifuniko cha distribyuta. Nilipomuuliza kama aliwahi kusikia mlio wowote juu ya injini, alinijibu kwa fahari kidogo: "Hapana, fundi. Tena siku hizi imetulia kuliko ilipofungwa. Mwanzoni ilikuwa inagongagonga asubuhi ikiwa baridi, sasa kimya kabisa."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nitake kufungua kava la vali kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Wengi wetu tuliojifunza ufundi chini ya mti tulifundishwa kusikiliza tapeti, zile sehemu zinazosukuma vali, kwa sikio: zikigonga, zimelegea, ziseti; zisipogonga, ziache. Mafunzo hayo yanafaa kwa injini za zamani zenye fimbo na roka, ambazo kwa kawaida hulegea kadiri zinavyochakaa. Katika injini kama 4A-GE, ambayo nundu ya kamshafti (mhimili unaozifungua vali) inakandamiza moja kwa moja kikombe chenye shimu juu yake, yaani kisahani cha chuma cha kurekebisha nafasi, mambo huwa kinyume. Kinachochakaa zaidi ni uso wa vali na kiti chake ndani ya silinda hedi. Vinapolika, vali hupanda juu kidogo kuelekea kamshafti, na nafasi iliyoachwa kati ya nundu na shimu hupungua. Vali iliyolegea hujitangaza yenyewe. Inayobana hunyamaza, na hunyamaza hadi siku inapoungua.

Sikuanza na kava lakini, kwa kuwa injini ilikuwa ya moto na nafasi ya vali hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa. Nilianza na kompresheni, yaani shinikizo linalobanwa ndani ya silinda, ambalo hupimwa kwa psi. Silinda ya kwanza ilitoa psi 158, ya pili 155, ya tatu 112, ya nne 156. Hapa inafaa nieleze jambo linalowachanganya hata mafundi wazuri wanaotoka Pwani: Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina shinikizo pungufu kwa takriban asilimia 12 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo injini nzima kabisa itasoma kompresheni ndogo kuliko namba ya kitabuni bila kuwa na ugonjwa. Zile 158 na 156 hazikunisumbua. Kilichonisumbua ni tofauti ya psi zaidi ya 40 kati ya silinda ya tatu na jirani zake. Nilimimina kijiko cha oili kwenye silinda hiyo na kupima tena. Ringi za pistoni zingekuwa zimekwisha, oili ingeziba na namba ingepanda. Haikupanda. Kisha nikaiweka pistoni ya tatu juu kabisa, vali zote zikiwa zimefunga, nikapuliza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi na kumwomba mwenye gari ainame nyuma kwenye bomba la moshi. Alisikia hewa ikitoka kwa mluzi mwembamba. Vali ya moshi ya silinda ya tatu ilikuwa haifungi.

Asubuhi iliyofuata, injini ikiwa imelala usiku kucha, tulifungua kava na kupima kwa fila geji, zile karatasi za chuma zenye unene tofauti. Kwa injini hii, nafasi ya vali za kuingiza hewa inatakiwa iwe kati ya milimita 0.15 na 0.25, na ya vali za moshi kati ya 0.20 na 0.30. Vali za kuingiza hewa zilikuwa karibu zote ndani ya kipimo, mbili tu zikisoma 0.14. Kwenye upande wa moshi hakukuwa na hata moja iliyofika 0.20. Silinda ya kwanza ilisoma 0.15 na 0.18, ya pili 0.13 na 0.15, ya nne 0.15 na 0.17. Kwenye silinda ya tatu vali moja ilisoma 0.08, na nyingine haikupitisha hata karatasi nyembamba kuliko zote za geji yangu, ile ya 0.04. Niliijaribu mara tatu, nikaizungusha injini raundi mbili kamili na kuijaribu tena, maana ni rahisi kupima nundu ikiwa haijageuka sawasawa. Majibu yalikuwa yale yale. Kijana aliyekuwa akifurahia utulivu wa injini yake alikuwa kwa hakika akisikia nafasi zikiisha.

Swali lililofuata ni la muda. Injini hiyo ilinunuliwa ya mtumba kutoka Japani na kufungwa miezi 14 kabla, na tangu hapo gari lilikuwa limetembea kilomita 9,000 hivi. Ratiba ya Toyota kwa Corolla za zama hizo zilizouzwa Marekani ilitaka nafasi ya vali ikaguliwe kila maili 60,000, yaani karibu kilomita 96,000. Kwa hesabu ya kitabu, basi, kijana huyu alikuwa hajafika hata sehemu ya kumi ya safari, na alipowauliza wenzake vali zipimwe kila baada ya kilomita ngapi, walimtajia namba zilizoachana mno, kila mmoja akitetea yake. Sina ugomvi na namba ya kitabu. Iliwekwa kwa gari linaloendeshwa barabarani, ambalo injini yake hukanyagwa hadi mwisho kwa sekunde chache inapolipita lori, kisha ikapumzika. Gari la kiwanjani hukaa katika hali hiyo dakika kumi au kumi na tano mfululizo.

Tulikaa na simu yake, tukahesabu video alizokuwa akizirekodi na risiti za mafuta. Ukiondoa miezi ya mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, ambapo kiwanja hugeuka tope na hakuna anayekimbia, zilipatikana siku 20 za mbio, na kila siku gari lilikuwa kiwanjani kwa muda wa saa moja na robo hivi. Jumla yake ni saa 25. Nilidhani hesabu ya mizunguko ingeeleza kila kitu, lakini haikueleza. Saa 25 kwa mizunguko 6,000 kwa dakika ni mizunguko milioni 9. Gari hilo hilo likienda kilomita 100 kwa saa barabarani kwa mizunguko 3,000 hivi, mizunguko milioni 9 ni sawa na safari ya kilomita 5,000 tu, chini ya kwenda na kurudi Dar es Salaam mara sita. Hakuna vali inayokufa kwa safari hizo. Kwa hiyo anayesema kwamba gari la mbio "linatembea kilomita nyingi kwa muda mfupi" anasema kweli, ila hajagusa sababu.

Sababu ni nguvu na joto. Nguvu zinazoisukuma na kuirudisha vali hukua kwa mraba wa mizunguko: ukizidisha mizunguko mara mbili, nguvu huwa mara nne, na vali hukipiga kiti chake kwa kishindo kingine kabisa. Joto ndilo baya zaidi. Kichwa cha vali ya moshi katika injini ya petroli iliyokanyagwa hadi mwisho hufika nyuzi 700 hadi 800 za Selsiasi, na sehemu kubwa ya joto hilo haina njia ya kutoka isipokuwa kupitia kiti, vali inapokuwa imefunga na kukigusa kiti kwa mzingo wake wote. Kwa mizunguko 6,000 vali hufunguka mara 50 kwa sekunde, na kila mara hupata kama sehemu 13 za elfu za sekunde kukaa juu ya kiti na kupoa. Punguza nafasi hadi sifuri, na vali hailali tena vizuri; hewa ya moto hupenya pembeni, inachonga kijia chake, na kijia hicho huzidi kuwa kipana kwa kila mlipuko.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau kwa kuwa vipimo vyote huchukuliwa injini ikiwa baridi. Shina la vali ya moshi ya injini hii lina urefu wa takriban milimita 100. Chuma cha aina hiyo kikipanda joto kwa nyuzi 100 zaidi, urefu huo huongezeka kwa kitu kama milimita 0.17 au 0.18. Silinda hedi ya alumini nayo hutanuka na kufidia sehemu, lakini vali hupata moto haraka kuliko hedi, hasa gari linapotoka kwenye foleni ya kuanzia na kukanyagwa papo hapo. Nafasi ya 0.08 inayoonekana kuwapo saa mbili asubuhi gerejini inaweza isiwepo kabisa dakika ya tatu ya mbio.

Lakini hayo yote yalizihusu silinda zote nne sawasawa, na silinda ya tatu ilikuwa imeharibika peke yake. Mshukiwa wa kwanza wa kila mtu hapa Dodoma ni vumbi, na sikumlaumu mwenye gari aliponiambia kwamba wenzake walikuwa wamekwisha kulihukumu. Eya kilina yake kweli ilikuwa na mpira uliochanika pembeni, na ndani ya bomba la hewa kulikuwa na mstari wa udongo mwekundu ulioshikika kwa kidole. Hata hivyo, vumbi linapoingia hupita kwanza kwenye vali za kuingiza hewa na kusaga ringi, na vyote hivyo vilikuwa na hali nzuri. Nilibadilisha eya kilina, nikaliacha vumbi, nikageukia mafuta. Tulizitoa nozeli zote nne zinazonyunyiza petroli, tukaziunganisha kwenye reli yake juu ya chupa nne za maji ya kunywa zilizokatwa shingo, tukazifungua kwa muda uleule. Tatu zilitoa mililita 60, 59 na 60. Ya silinda ya tatu ilitoa 52.

Upungufu wa mililita nane hauonekani mkubwa mpaka uufanyie hesabu. Injini ikikanyagwa hadi mwisho hupewa mafuta ya ziada kwa makusudi, tuseme sehemu 12.5 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, ili mafuta hayo yaipoze. Ukipunguza mafuta kwa asilimia 13, uwiano huo unakuwa kama 14.4 kwa moja, na hapo ndipo moshi unapokaribia joto lake la juu kabisa. Kihisi cha oksijeni hakisaidii, kwa sababu kompyuta huacha kukisikiliza gari linapokanyagwa hadi mwisho. Tena kipo mbele kwenye bomba la pamoja, kinaonja wastani wa silinda zote nne. Barabarani nozeli hiyo isingemdhuru mtu kwa miaka. Kiwanjani iliipika vali moja kwa saa 25. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa imeziba tangu siku ya kwanza, wala sijui nafasi za vali zilikuwa ngapi injini ilipofika kutoka Japani, kwa sababu hakuna aliyezipima, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki. Ule mlio wa kugonga wa asubuhi aliokuwa akiusikia mwanzoni unaashiria kwamba baadhi ya vali zilikuwa na nafasi ya kutosha, ingawa nozeli nazo hutoa mlio wa namna hiyo.

Kazi yenyewe nitaipitia haraka. Hedi ilishushwa, vali ya silinda ya tatu ilikuwa na kipande kilicholika pembeni chenye upana wa ukucha wa kidole kidogo, rangi yake nyeupe ya majivu. Tulinunua vali mbili mpya za moshi kwa silinda hiyo, viti vyote vya moshi vikachongwa upya kwa pembe ya nyuzi 45, vali zikasagwa kwa pesti hadi alama ya kijivu ikazunguka yote bila kukatika, sili za vali zikabadilishwa, nozeli zikasafishwa na kupimwa tena hadi zote zikafika 59 au 60.

Shimu ndizo zilizotuchelewesha. Hesabu yake ni nyepesi: unachukua unene wa shimu iliyopo, unaongeza nafasi uliyoipima, unatoa nafasi unayoitaka. Shimu ya 2.80 yenye nafasi ya 0.13, ukitaka 0.28, unahitaji shimu ya 2.65. Tatizo ni kwamba shimu za injini hii hutengenezwa kwa hatua za milimita 0.05, na hapa mjini hazikai dukani. Tuliziondoa zote, tukazipima kwa maikromita, tukazipanga juu ya boksi la mayai kila moja na namba yake, tukahamisha zilizoweza kuhamishwa, na tano zilizobaki tukaziagiza Dar es Salaam zije kwa basi. Kuna mafundi ambao katika hali hiyo huikwangua shimu kwenye jiwe la tupa hadi ifike unene wanaoutaka. Mimi huwakataza vijana wangu kufanya hivyo, kwa kuwa uso wa shimu umekaushwa kwa moto ili uwe mgumu, na ukishaukwangua umeondoa ulinzi wake. Tena ni nadra mkono wa mtu kuziacha pande mbili zikiwa sambamba. Katika kuzipima niligundua kwamba moja ya silinda ya kwanza ilikuwa na mikwaruzo ya jiwe upande wa chini, kazi ya fundi fulani wa zamani. Unene wake ulikuwa umeangukia mahali pazuri kabisa, na sikuwa na nyingine ya saizi hiyo. Niliirudisha.

Vali zote za moshi niliziseti kati ya 0.27 na 0.30, upande wa juu wa kipimo, kwa sababu nilijua zitakuwa zinapungua. Hilo lina gharama ndogo, injini itagonga kidogo ikiwa baridi, na nilimweleza mwenye gari asubuhi ya kwanza kwamba mlio huo aupokee kama salamu. Alicheka, lakini aliuliza swali lile lile alilowauliza wenzake: sasa, mzee, niwe nazipima kila baada ya kilomita ngapi?

Nilimwambia tusahau kilomita. Tulifunga mita ya saa, kama zile zinazofungwa kwenye jenereta, yenye swichi anayoiwasha anapoingia kiwanjani tu. Baada ya saa mbili za kwanza tulifungua kava. Vali mpya na viti vilivyotoka kuchongwa hujilaza haraka mwanzoni, na kweli nafasi zilikuwa zimepungua kwa 0.01 hadi 0.02, vali iliyotusumbua ilitoka 0.29 ikawa 0.27. Tulipima tena saa kumi zilipotimia, mwishoni mwa Novemba, kabla kiwanja hakijalowa. Ilisoma 0.26. Ukiichukulia namba hiyo kama ilivyo, ni upungufu wa 0.01 kwa saa nane, na kutoka 0.26 hadi kikomo cha 0.20 zingebaki saa karibu 48.

Lakini sikumpa saa 48, wala nusu yake. Milimita 0.01 ndio mpaka wa kile ambacho mkono wangu na fila geji vinaweza kutofautisha. Mtu mwingine akivuta karatasi ile ile anaweza kusema 0.25 au 0.27, na makosa hayo yanatosha kuifanya hesabu nzima iwe ndefu mara mbili au fupi mara mbili. Nilimwekea saa 15 kati ya kipimo na kipimo, kwa masharti kwamba kila kipimo kitaandikwa vali kwa vali kwenye daftari moja, kwamba tukio la kubadili gia vibaya na kuupeleka mshale kwenye alama nyekundu linafuta saa zote zilizobaki, na kwamba vipimo vitatu vikifuatana bila kushuka kwa zaidi ya 0.01 tutaongeza muda. Kwa gari jingine lenye injini ile ile ningeanza na saa mbili, kisha kumi, hata kama limetoka kwangu siku hiyo hiyo. Namba ya 15 haihami kutoka gari moja kwenda jingine. Na wenye injini zinazojiseti zenyewe kwa oili, kama zile 4G63 za Mitsubishi, hawana cha kupima kwa geji, lakini viti vyao vinalika vilevile, kwa hiyo kompresheni ya kila mara ndiyo jicho lao.

Mwaka huu msimu ulianza Mei, na mwanzoni mwa Septemba aliniletea gari likiwa na saa 22, tatu kabla ya zamu yake, kwa kuwa alikuwa anataka kwenda kukimbia Morogoro. Vali za silinda ya tatu zilisoma 0.25 na 0.26, na nilifurahi. Za pili na nne hazikuwa zimesogea. Kwenye silinda ya kwanza vali moja ya moshi, iliyokuwa 0.28 Novemba, ilisoma 0.33. Nafasi ilikuwa imeongezeka, jambo ambalo kiti kinacholika hakiwezi kulifanya. Niliizungusha injini na kupima upya, ikarudia 0.33, ndipo nikaikandamiza kikombe na kuitoa shimu yake kwa sumaku. Ilikuwa ile yenye mikwaruzo ya jiwe. Uso wake wa juu ulikuwa na mfereji ambao ukucha uliusikia, na nundu ya kamshafti iliyokuwa ikiupitia ilikuwa imepoteza mng'ao wake upande mmoja. Gari halikwenda Morogoro. Kamshafti ipo mezani kwangu ninapoandika haya, inasubiri maikromita, na shimu nimemwomba mwenye gari anilipie nusu tu ya bei, nyingine nitailipa mwenyewe.